Nataka pikipiki ya zamani lakini spana sijui kuishika

Shikamoo fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lushoto, nina miaka 31, nafundisha Kiswahili na Jiografia. Nakuandikia kwa sababu imebaki wiki moja nitoe pesa, na kila ninayemuuliza ananijibu kinyume cha mwenzake.

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Tulipokuwa wadogo alikuwa na pikipiki ya kazi, Yamaha DT 125 yenye tangi jekundu. Alipanda nayo Soni, Bumbuli, mpaka Mtae. Mlio wake tuliujua ikiwa bado iko bonde la pili, na mama hapo ndipo alipokuwa akibandika maji ya ugali. Alipostaafu aliirudisha ofisini, sijui iliishia wapi. Tangu nianze kupokea mshahara natamani kuwa na moja ya namna hiyo. Mpya hazinivutii.

Nimepata mbili. Ya kwanza iko Korogwe, DT 125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyekundu kama ya baba. Tangi limepigwa rangi upya na linang'aa. Haijawashwa miaka sita, inalala kwenye banda la kuku, lakini mwenyewe anasema inataka betri na kusafishwa kabureta, basi. Anauza 1,300,000. Kadi yake ni kopi, jina ni la marehemu mjomba wake. Anasema nikishalipa kuna kijana atanishughulikia kubadilisha jina.

Ya pili iko Mombo, Honda CG125 ya mama mmoja muuguzi mstaafu. Alikuwa akienda nayo zahanati za vijijini, na mpaka leo anaendea shamba. Rangi imefifia, kiti kimeshonwa turubai. Inatembea, na kadi ni ya jina lake. Anataka 1,700,000 na hapunguzi. Kusema kweli haina mvuto.

Akiba yangu ni 2,100,000. Leseni ninayo. Ufundi sina: najua kujaza upepo na kupaka cheni oili. Shemeji ananicheka, anasema natafuta mkweche wakati nikiongeza kidogo napata mpya ya Kihindi. Mke wangu hana neno, ila ameuliza kama hiyo nyekundu itakaa nje au sebuleni.

Je, asiyejua ufundi anunue pikipiki ya zamani? Na nikienda kuikagua nitazame nini nisiuziwe mbuzi kwenye gunia? Baba hajui lolote, nataka nimshtukize.

Mwalimu Asiye na Spana, Lushoto

*

Marahaba mwalimu.

Barua yako nimeihesabu. Wekundu umeutaja mara tatu, namba ya chesisi hata mara moja. Sikulaumu, maana na mimi nimewahi kupenda hivyo, nitakusimulia. Jibu lako ni hili: nunua ya Mombo. Ya Korogwe usiende hata kuitazama, kwa sababu ukiiona utainunua.

Tuanze na hiyo betri. Kwenye DT za miaka hiyo moto wa plagi hautoki kwenye betri. Unatoka kwenye sumaku inayozunguka pembeni mwa injini unapopiga kiki. Betri ni ya honi na indiketa. Pikipiki hiyo ikiwa nzima inawaka hata betri ikiwa imekufa, hata ikiwa haipo kabisa. Kwa hiyo anayekwambia inataka betri ndipo iwake, ama hajui anachouza, ama anajua sana. Na kama ingekuwa kweli ni betri na kusafisha kabureta, hizo ni gharama ndogo, angezilipa yeye, akaiwasha mbele yako, akadai milioni mbili.

Miaka sita ndani ya banda la kuku si mchezo. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta inakauka na kuwa kama gundi, inaziba jeti ambazo tundu lake ni kama la sindano. Hilo linasafishika. Tangi kwa ndani linashika kutu, na rangi mpya ya nje ndiyo inayonifanya nilishuku zaidi. Mtu aliyekuwa na hela ya rangi kwa nini hakuwa na hela ya betri? Lakini kubwa ni sili za krenki, yaani mipira inayoziba mhimili wa injini usipitishe hewa. DT ni injini ya mipigo miwili, ile mafundi wanayoiita tustroki, na sili hizo zikikauka zinaanza kuingiza hewa mahali isipotakiwa. Injini inapata hewa nyingi kuliko petroli, inachemka, pistoni inajam. Haitajam siku ya kwanza. Utaiwasha, utafurahi, utampigia baba simu, halafu ukifika Soni ndipo itakapojam.

Nikueleze zaidi kuhusu tustroki, kwa sababu unaishi mlimani na hili halijali kama pikipiki ni nzima au mbovu. Injini hizo hazina oili chini ya kulainishia pistoni kama injini za siku hizi. Oili inaingia pamoja na petroli na kuungua nayo, ndiyo maana zinatoa ule moshi wenye harufu yake. Yamaha tangu 1964 waliweka pampu ya kuipeleka oili yenyewe kutoka kwenye tangi lake dogo, wakaiita Autolube. Ni kitu kizuri ikiwa inafanya kazi. Kwenye pikipiki za zamani mara nyingi utakuta mtu ameikata pampu, anachanganya oili kwa mkono ndani ya petroli. Sasa chukua mchanganyiko huo, teremka kutoka Lushoto hadi Mombo, kilometa thelathini na ushee za kona na mteremko, ukiwa umeachia mafuta. Injini inazunguka kwa kasi lakini petroli haiingii, na petroli isipoingia oili nayo haiingii. Isitoshe tustroki haishiki unapoteremka. Ukirudisha gia inakusaidia kidogo sana, kazi yote wanafanya viatu vya breki. Baba yako aliyaweza hayo kwa sababu alijua, kila baada ya kona kadhaa, kufungua mafuta kidogo injini inywe. Wewe bado hujui, na barabara ile si mahali pa kujifunzia.

Halafu kadi. Pikipiki ya marehemu ni mali ya mirathi. Mwenye haki ya kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Mpwa kuwa na ufunguo na kopi hakumfanyi kuwa mwenye mali. Utalipa 1,300,000, utatengeneza, itaanza kutembea mjini, na siku hiyo ndipo watoto wa marehemu watakapokumbuka kwamba baba yao alikuwa na pikipiki. Huyo kijana wa kushughulikia jina tunamwita kishoka. Kubadilisha umiliki kunafanyika TRA, muuzaji na mnunuzi wote na TIN zao, kwa mkataba wa mauziano uliosainiwa na kadi halisi. Kama muuzaji hayupo kwenye kadi na hana barua ya mahakama, hapo hakuna biashara.

Hadithi yangu nayo ni fupi. Nikiwa na umri kama wako, tayari nikiwa fundi, niliuziwa BSA Bantam huko Muheza. Bantam ni pikipiki ya Kiingereza iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, na injini yake Waingereza waliichukua kwenye mchoro wa DKW ya Wajerumani baada ya vita. Niliyajua hayo yote, niliweza kukuhutubia saa nzima. Pikipiki yenyewe nilipewa ndani ya makarai mawili. "Vitu vyote vimo," nikaambiwa, na mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Havikuwemo. Kilichokosekana nilikitafuta miaka minne, Tanga, Dar es Salaam mpaka Mombasa. Fremu ya Bantam ile leo imepandwa na mpesheni nyuma ya nyumba yangu. Mapesheni yake matamu, siwezi kulalamika sana.

Sasa turudi Mombo kwa mama muuguzi, kwenye pikipiki isiyo na mvuto.

CG125 Honda waliitoa 1976, na hawakuitengeneza kwa ajili ya mtu wa Tokyo. Waliitengeneza kwa nchi ambazo pikipiki inabeba gunia na mbuzi, na mwenyewe anakumbuka oili injini ikianza kupiga kelele. Wakati pikipiki nyingi za Honda zilikuwa na cheni ndogo ndani ya injini ya kuendesha valvu, hii waliirudisha kwenye fimbo za kusukuma, mtindo wa zamani, kwa sababu fimbo hazihitaji kukazwa mara kwa mara wala hazilegei kama cheni. Cheni ya nyuma wakaifunika kabisa isile vumbi. Kwa macho ni pikipiki ya kawaida mno. Lakini Wachina walipoanza kutengeneza pikipiki za bei nafuu, injini mojawapo waliyoinakili sana ni hiyo. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, utakuta mjukuu wake. Maana yake ni kwamba fundi yeyote chini ya mwembe pale Mombo ameifumua injini ya aina hiyo mara mia, na wewe usiyejua spana umezungukwa na walimu. Spea nyingi zitapatikana, ila usinunue kwa jina. Chukua kile kilichoharibika, nenda nacho dukani, vilinganishwe juu ya kaunta.

Shemeji yako usimbishie. Kama ungeniambia unataka chombo cha kukufikisha kipindi cha kwanza kila siku bila kuwaza, ningekwambia umsikilize. Wewe hukusema hivyo.

Siku ya kwenda, mpigie mama simu jana yake, mwombe kwa adabu asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini inayosumbua kuwaka asubuhi huwa inapashwa moto mapema mgeni asijue. Ikiwa ya baridi, mwache mwenyewe apige kiki (hii ya mguu, si ile ya wasanii). Tazama moshi. Ukitoka wa buluu kidogo mwanzoni kisha ukakata, ni sili za valvu, kasoro ya kuishi nayo huku ukijipanga. Ukiendelea na kuzidi kila unapofungua mafuta, ringi au silinda zimechoka, na hapo bei ya 1,700,000 haipo tena.

Ikishatulia, izime, kagua namba. Ya chesisi imegongwa shingoni mwa fremu karibu na stelingi, ya injini iko chini ubavuni. Beba kitambaa chenye petroli, futa grisi, paka chaki, soma tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi. Namba iliyosagwa au iliyogongwa juu ya nyingine haina mjadala, shukuru kwa chai na uondoke. Ukiwa hapo shingoni tafuta nyufa na welding, na chini ya kiti vilevile. Chombo kilichobeba dawa na mizigo miaka yote hiyo kinachokea hapo.

Mengine ni mepesi. Inua tairi la mbele, ligeuze kulia na kushoto. Likikwama katikati kama limeshika kitako, beringi za stelingi zimekwisha. Gonga spoki kwa spana moja moja, zote zilie karibu sawa, inayotoa sauti ya kibuyu imelegea. Kifuniko cha cheni kifungueni, utazame meno ya sproketi. Yakipinda kama ndoano utabadilisha seti nzima. Chungulia ndani ya tangi kwa tochi ya simu. Nasema tochi kwa sababu nimewahi kumwona mtu akichungulia kwa kiberiti, na hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho ndani ya kiduara: 1409 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi la umri huo kwa mteremko wako hapana, hata kama kashata bado zinaonekana.

Fundi nenda naye, tena awe wako. Hapa wengi wanakosea. Mlipe ujira wa siku, na mwambie mapema, mkiwa njiani, kwamba hela yake ni ileile ukinunua na usiponunua. Usipofanya hivyo muuzaji atampa cha juu pembeni, na kila kitu atakachogusa kitakuwa safi. Mama wa Mombo simdhanii hivyo, ila desturi ni desturi. Na muulize nani amekuwa akimtengenezea miaka yote. Ukinunua pikipiki yake nunua na fundi wake, maana huyo anajua ni bolti ipi imekula uzi na iliwekewa nini.

Hesabu yako nayo: 1,700,000 kwenye 2,100,000 inakuachia laki nne. Gharama za kubadilisha umiliki, bima, tairi mbili, cheni, viatu vya breki na oili, laki nne zinatosha ukibana. Zisingetosha kufufua DT, na hilo pekee lingetosha kukujibu barua yako yote.

Kuhusu kujifunza, usiwe na wasiwasi, mtu anayeweza kufundisha ngeli za nomino anaweza kufungua kabureta. Nunua spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, ya plagi, na bisibisi nzuri ya nyota. Hiyo bisibisi usiidharau: nyota za skrubu za Kijapani zina umbo lao, bisibisi ya bei ya chee inateleza na kuzila vichwa, halafu skrubu ya senti inakugharimu nusu siku. Anza na kumwaga oili. Inaingia kama lita moja, na ile ya zamani imwage kwenye beseni jeupe uitazame juani. Ikiwa kama chai ya maziwa imeingia maji. Ikimetameta, kuna chuma kinasagika. Mwezi wa pili jifunze kusoma plagi: rangi ya kahawia ni afya, nyeupe ni joto, nyeusi ya masizi ni petroli nyingi. Na usishtuke ikianza kuwa nyeusi ukishaipandisha kwako. Lushoto ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombo, kabureta iliyosetiwa chini inazidisha petroli kidogo. Atakayetaka kufumua injini kwa ajili hiyo mkatalie. Ukishazoea, nunua fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, useti valvu mwenyewe, injini ikiwa ya baridi, milimita 0.08 kwa zote mbili. Kazi ya nusu saa, na utakapoifanya mara ya kwanza itakuchukua Jumamosi nzima.

Kitu kimoja sikukubalii: usimwachie fundi pikipiki ukaenda kufundisha. Kaa kwenye kigoda, mshikie sinia la bolti, piga picha kila kinachotoka. Utajifunza, na vya ndani vitabaki kuwa vya kwako.

Na hilo la kumshtukiza baba. Mwalimu, una mzee nyumbani aliyepiga kiki ya DT milimani miaka yote, anayejua injini kwa mlio, nawe unamtafuta fundi wa gazetini. Mpeleke Mombo. Akae kwenye kigoda mama muuguzi awashe, na wewe usitazame pikipiki, mtazame yeye uso. Akinuna, rudini. Akiomba ufunguo, lipa.